Dismasi wa Kalemie, Mzaliwa wa Mwamgongo

Pale sokoni Mwanga, hapa Kigoma, yupo fundi cherehani anaitwa Dismasi, na sifa yake ya kwanza ni kwamba hakai. Fundi gani hakai? Huyo huyo. Anakanyaga cherehani dakika kumi, ananyanyuka, anakwenda kutazama kama mvua inakuja, anarudi, anashona mfuko mmoja wa suruali, ananyanyuka tena kwenda kuwauliza wauza mitumba habari alizokwisha kuwauliza asubuhi. Suruali yangu ya Idi mguu mmoja aliushona Jumatatu na wa pili Alhamisi, na ukiitazama vizuri unaona kabisa ni miguu ya watu wawili. Namsamehe kwa sababu ni rafiki yangu, na kwa sababu balaa zake kubwa zote nimemletea mimi.

Mimi ni Khalfani, wa Ujiji. Shule niliishia darasa la tano, ila nilichokikosa kwa mwalimu nilikipata kwenye ngoma ya tumba. Miaka ile ya themanini hakuna mikono iliyopiga tumba mkoa mzima kama hii inayoandika hapa. Wapo watakaobisha. Wengi wao wamekwisha kufa.

Dismasi alitufikia mwaka themanini na nne, kijana wa miaka ishirini, kashuka kwenye boti ya Mwamgongo, kule kaskazini ya Gombe, na shati moja na sauti. Bendi yetu wakati ule ilikuwa inapiga salsa na chacha, zile za kwenye santuri za Wakuba zilizokuwa zinavushwa kutoka Zaire zimefungwa ndani ya vitenge. Watu walikuwa wanazitaka hizo tu. Kispanyola chenyewe hakuna aliyekijua hata cha kuombea maji. Waimbaji wengine walikuwa wanaisikiliza sahani mpaka inakwaruza, halafu wanaimba zile sauti kama walivyozidaka. Dismasi hakusikiliza kitu. Alikuwa anatunga Kispanyola chake mwenyewe hapo hapo jukwaani, maneno yanammwagika kama kunde kwenye sinia, na kesho yake ukimwomba alirudie hata moja hawezi. Lakini ungewaona wanawake walivyokuwa wanainua mikono.

Kasoro yake ilikuwa moja, nami ndiye niliyeiona.

"Dogo," nikamwambia, "nani atatoka kwake kuja kumsikiliza Muha wa Mwamgongo anaimba salsa?"

"Sasa nitakuwa nani kama si Muha?"

"Toka leo wewe Mzaire. Umetoka Kalemie."

"Kalemie sijawahi kufika."

"Nani kakuuliza kama umefika?"

Nyie wa siku hizi hamjui. Wakati ule mwanamuziki akitoka ng'ambo ya ziwa, hata akikohoa watu wanapiga makofi. Dismasi akajifunza Lingala la kwenye nyimbo, akaanza kutembea kwa kuburuta mguu kidogo kama mtu aliyechoka na sifa. Cheti chake cha ubatizo, kwa sababu kiliandikwa Mwamgongo, alikitupa ziwani mbele yangu huku anacheka. Mwaka uliofuata tukarekodi kanda moja, na ndani yake, kabla tarumbeta hazijaingia, anasema kwa sauti nzito: "Nimetoka Kalemie. Nimevuka ziwa." Kisha linafuata tumba langu, ambalo nawaomba mlisikilize mkipata nafasi.

Uongo huo ulikuwa mtamu mpaka Jumamosi moja ya mwaka themanini na sita. Tulikuwa na bugi, yaani dansi la mchana, ukumbi umejaa. Katikati ya nyimbo mbili akaingia mwanamke kalowa mpaka kiunoni, katoka kwenye boti moja kwa moja, akapita katikati ya wacheza dansi mpaka mbele ya jukwaa. Alikuwa Veneranda, dada yake Dismasi, mkubwa wake kwa miaka saba. Akamwambia kwa Kiha kwamba baba yao amefariki, wanamsubiri yeye ndipo wazike.

Ukumbi ulinyamaza kumsikiliza. Pale mbele walikuwepo wasichana watatu ambao kila mmoja aliambiwa atapelekwa Kalemie kumwona mama mkwe.

Dismasi akamtazama dada yake, akasema kwa Lingala, "Nayebi ye te."

Veneranda akanigeukia mimi. "Anasema nini?"

Nami, Mungu anisamehe, nikamtafsiria. "Anasema hakujui, dada."

Akatoka. Tukapiga wimbo uliofuata. Kwao walizika bila yeye.

Bendi yenyewe ikafa miaka ya tisini. Vita ya ng'ambo ikaja, wakavuka Wazaire wa kweli, wamebeba magodoro na maiti za watoto, na toka siku hiyo Dismasi hakutamka tena Kalemie. Akajifunza cherehani. Ila mjini jina halikufa, watu wakaendelea kumwita Mzaire, naye akaendelea kuitika. Mwamgongo hakukanyaga. Kila boti ya kaskazini ikifika pale Kibirizi anakwenda kuwatazama wanaoshuka, halafu anarudi dukani anasema alikwenda kutafuta uzi.

Sasa njoo mwaka elfu mbili na kumi na sita.

Warundi walikuwa wanashuka kwa maelfu tangu mwaka uliotangulia, mabasi yanawapeleka makambini, mji umejaa magari meupe na watu wa kuandika majina. Na ndio wakati ambapo habari ya vitambulisho vya taifa ilifika kwetu. Mikoa mingine mtu anataja jina, anapigwa picha, anaondoka. Sisi wa mpakani unaulizwa babu aliyemzaa babu. Maneno yalikuwa mengi mitaani: kwamba asiyeeleweka ataambiwa asubiri, na akisubiri sana atapandishwa basi na wakimbizi. Kweli au si kweli sijui, ila Dismasi aliyasikia, na hapo ndipo hata hizo dakika kumi za cherehani zikawa dakika mbili.

Wakati huo huo mpwa wangu Ummy, mtoto wa dada yangu Kuruthumu, alikuwa na kibanda cha kuwekea watu nyimbo kwenye simu, hatua ishirini kutoka kwa Dismasi. Ummy ana kichwa. Ana kompyuta yake ndogo, anachukua wimbo wa zamani, anamng'oa mwimbaji, anamwekea biti za sasa chini yake, nzito, unazisikia tumboni. Siku hizo vijana walikuwa wameanza kuzipenda zile salsa za baba zao zikipikwa upya namna hiyo. Akaniuliza, "Mjomba, huna kanda ya zamani ambayo hakuna mwingine anayo?"

Mtu ukiulizwa hivyo utafanyaje? Nilimpelekea siku hiyo hiyo, na kumwonyesha tumba linapoanzia.

Tumba langu alilifuta. Nasema hili bila kinyongo. Alichokipenda ni ile sauti nzito ya mwanzo, akaikata, akairudia: Nimetoka Kalemie. Nimevuka ziwa. Nimevuka, nimevuka, nimevuka ziwa. Chini yake ngoma inapiga kama moyo wa mtu aliyekimbia, kisha zinaingia tarumbeta zetu za mwaka themanini na tano, zimeoshwa, zinang'aa, na Kispanyola cha uongo cha Dismasi kinapaa juu. Wallahi ilikuwa nzuri. Kwa wiki tatu huwezi kunywa chai Mwanga bila kuisikia. Bodaboda wanayo, wasusi wanayo, kule ufukweni Katonga kina mama wanageuza dagaa nayo. Hata Warundi waliokuwa wanasubiri mabasi waliipiga kwenye simu zao, maana nao walikuwa wamevuka.

Dismasi siku ya kwanza kuisikia alisimama. Akasikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atalia kwa furaha.

"Khalfani," akasema, "umeniua."

"Nimekufufua, bwana."

"Alhamisi ya wiki ijayo nahojiwa kitambulisho."

Mimi akili yangu nyepesi, ila hilo lilichukua muda kuingia. Tukaenda kwa Ummy. Ummy akashika mdomo.

"Mzee Dismasi, shikamoo. Mimi nilidhani kweli wewe Mkongo."

"Kila mtu anadhani, binti. Ndiyo shida yenyewe. Ufute."

"Kwangu nitafuta. Kwenye simu za watu nitafutaje?"

Alijaribu kutoa toleo jingine lisilo na yale maneno. Hakuna aliyelitaka.

Dismasi akawa haishi kutembea. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti akamwambia, "Mzaire, mimi nitaandikaje kwamba wewe Muha wakati harusi yangu uliimba Kilingala?" Akajitetea kwamba anajua Kiha. Mwenyekiti akamjibu kwamba hata Mrundi aliyeshuka jana ukimsikiliza haraka utasema ni Muha. Akaomba nakala ya cheti cha ubatizo, katekista akamwambia ya miaka ile sharti mzee wa familia aifuate mwenyewe. Huko ofisini nako waliandika: aje na ndugu wa damu aliyemtangulia kuzaliwa. Baba hayupo, mama hayupo. Kila njia aliyoifuata ilikuwa inaishia kwa mtu mmoja, na huyo alikuwa anaanika dagaa Mwamgongo.

Jumatatu tukapanda boti Kibirizi. Sikutaka kwenda, alinishika shati. Kwa muda wa saa nne majini hakukaa: anahama ubao hadi ubao, abiria wanamlaani, na nahodha kaweka simu yake kwenye kipaza sauti, inaimba nimevuka, nimevuka.

Veneranda tulimkuta ufukweni, kainama juu ya chanja ya kuanikia dagaa. Alikuwa amekwisha kuwa mama mzima, mgongo mpana, mvi chini ya kilemba. Alitutazama mmoja mmoja. Mimi ndiye niliyeanza.

"Habari za siku nyingi, dada."

"Wewe ndiye mkalimani," akasema.

Nikarudi nyuma ya Dismasi, jambo ambalo si kawaida yangu.

Dismasi akaeleza yote kwa Kiha, mikono inaruka. Veneranda anageuza dagaa tu. Alipomaliza, dada yake akanigeukia tena. "Anasema nini huyu?"

"Dada, amesema kwa Kiha. Umemsikia."

"Nataka wewe uniambie."

Nikasema, "Anasema anakujua. Anaomba uende ofisini ukaseme ni mdogo wako."

Veneranda akafuta mikono. Akazungumza sasa, taratibu, kama mtu anayesoma kitu alichokiandika zamani. Kwa ukoo wao mtoto wa kiume ndiye anayenyolewa wa kwanza matanga yakivunjwa. Baba yao alikuwa na wa kiume mmoja. Siku ile walikaa, wakasubiri, watu wakaondoka mmoja mmoja bila ya kunyoana. Matanga ya baba hayakuvunjwa. Mama aliishi miaka tisa zaidi na akafa akisema hivyo hivyo, kwamba pale nyumbani bado kuna msiba.

"Kaa siku nne kwenye mkeka," akasema. "Ijumaa unyolewe. Halafu tutaongea habari za ofisi."

"Naitwa ofisini Alhamisi, dada. Nisipofika jina linakatwa."

"Basi nenda Alhamisi."

Akainama tena kwenye chanja.

Nimekwisha kumwona Dismasi mbele ya watu elfu, hajawahi kuonekana mdogo kama pale. Alizunguka mtumbwi uliopinduliwa mara tatu, nne. Kisha akaenda nyumbani kwao, akaketi.

Kuketi nako aliketi kwa vituko. Majirani walikuja kweli, wazee wanaomkumbuka baba yake, na vijana waliokuja kumtazama tu Mzaire wa kwenye simu. Kila anayeingia anampa pole ya mtu aliyekufa miaka thelathini iliyopita, kwa uso mkavu kabisa. Jumanne magoti hayatulii. Anavuta nyuzi za mkeka, anazihesabu, anazirudisha. Mzee mmoja akamwuliza, "Wewe umekalia siafu?" Kuna mtoto mjinga akapiga ule wimbo nje, akakemewa.

Jumatano alfajiri boti ya kurudi Kigoma inawasha mashine. Mimi nilikuwa nimeshapanda, nina barua ya mwenyekiti wa kijiji ya kumwombea ruhusa. Nikamwona anashuka ufukweni mbio na begi lake. Akaingia majini mpaka magotini, akashika ubavu wa boti.

"Nisogezee nafasi," akasema.

"Panda."

Nahodha akauliza kama anapanda au hapandi. Dismasi kashika ubao, boti inampandisha na kumshusha. Nyuma yake Veneranda alikuwa ametoka na ungo wake wa dagaa, anaendelea na kazi, hatazami upande wetu hata kidogo.

"Khalfani, wakinikata jina?"

Nikasema, "Sijui, ndugu yangu."

Akaachia ubao. Begi lake likabaki kwangu miguuni, na yeye akarudi juu, suruali imelowa, anatembea haraka haraka kama mtu anayeogopa kujigeuza.

Alhamisi nikaenda ofisini peke yangu. Afisa alikuwa kijana mpole, macho yamechoka na watu. Akaisoma barua.

"Yuko wapi mwenyewe?"

"Yuko matangani kwa baba yake."

"Pole. Alifariki lini?"

"Themanini na sita."

Akaiweka barua chini, akanitazama. "Mzee, na wewe? Babu yako alitoka wapi?"

Hapo jasho likanitoka mimi. Maana sisi wengi wa Ujiji, ukifukua, mababu zetu walitoka Manyema, ng'ambo hiyo hiyo. Miaka yote nikimfundisha mwenzangu kudanganya kwamba kavuka ziwa, waliovuka kweli ni wa kwangu.

"Babu yangu alizaliwa Ujiji," nikasema. "Baba yake aliletwa na msafara. Hakuulizwa."

Afisa hakucheka. Aliirudia ile barua ya ruhusa. Mwenyekiti wa Mwamgongo ni mtu wa kuandika kila kitu, na kwa vile alikuwa anaeleza msiba, alikuwa ameandika jina la marehemu, la babu wa marehemu, kitongoji, kaburi liko wapi, na majina ya wazee kumi na wanne waliokuwa wamekaa matangani, kila mmoja na dole gumba lake. Afisa akapitisha kidole juu ya madole yale. "Mtu akitaka kutudanganya huwa hajisumbui hivi," akasema. "Jumatatu. Aje na huyo dada. Asipokuja naye, mimi sina la kufanya."

Jumatatu wakaja. Dismasi kichwa kimenyolewa kinang'aa, masikio yamekuwa makubwa ghafla. Veneranda kavaa kitenge cha kanisani. Kwenye benchi walikaa, mmoja huku mwingine kule, nami katikati kama mzigo wa mtu mwingine.

Afisa akatoa simu yake, akaibonyeza. Nimevuka, nimevuka, nimevuka ziwa.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unasema umetoka Kalemie."

"Nilisema uongo."

"Uliusema kwa miaka mingapi?"

Dismasi akafikiri. "Watu walipoacha kuniuliza sikuuondoa. Sijui niuhesabu mpaka lini."

Afisa akamgeukia Veneranda. "Mama, unamfahamu huyu?"

Alikaa kimya, na ule ukimya mimi naujua, niliusikia mwaka themanini na sita nikiwa na tumba mapajani. Nilitazama sakafu. Mguu wa Dismasi, ule usiotulia, ulikuwa umetulia.

"Namfahamu," Veneranda akasema. "Alizaliwa mwaka wa mafuriko makubwa, mama akiwa amekimbilia kwa mjomba mlimani. Nilimbeba mgongoni mimi. Ana kovu chini ya goti, alianguka kwenye jiwe la kusagia. Ziwa hilo hajalivuka hata siku moja. Anaogopa maji tangu mdogo, mwangalie akiwa kwenye boti, hakai. Hicho anachokiimba si lugha. Alikuwa anaimba hivyo hivyo akichunga mbuzi."

Afisa akaandika yote. Akamwuliza kama ana la kuongeza.

"Ni mwongo," akasema, "lakini ni wetu."

Fomu ikapigwa muhuri. Dismasi akaweka dole gumba, akakosea sanduku, akaweka tena.

Tulimsindikiza Veneranda Kibirizi kuwahi boti ya mchana. Njia nzima hakumsemesha mdogo wake. Alipokwisha kukaa ubaoni, Dismasi naye akainua mguu apande, dada akamzuia kwa mkono.

"Usinifuate sasa hivi. Paa la mama linavuja upande wa jikoni. Uje Ijumaa, na misumari ya bati. Ya kwetu kule ina kutu."

Ilikuwa Jumatatu. Jumatano saa tatu asubuhi nilipopita sokoni, cherehani ilikuwa imefunikwa turubai, na wauza mitumba wakaniambia amekwenda Kibirizi tangu alfajiri, na nyundo.